Kuitika Mara ya Kwanza

Simu ya kunijulisha kifo cha Tabitha ililia mara moja ikakatika. Nilikuwa jikoni nachambua mchicha, nikaitazama pale ilipo juu ya friji, nisiiguse. Wajukuu zangu hunicheka kwa tabia hii. Bibi, wananiambia, siku hizi jina la mtu linaonekana kwenye kioo, unaogopa nini? Siwajibu, maana nikianza kuwajibu itabidi niwasimulie mambo mengi. Ikalia tena, nikaiacha. Ya tatu ndipo nilipofuta mikono nikapokea, na mwanamke nisiyemjua akajitaja kuwa ni Neema, binti aliyelelewa na Tabitha kule Horohoro. Akasema mama amelala, mazishi kesho, na kwamba marehemu aliagiza niitwe mimi kabla hata ya ndugu zake. "Aliniambia nipige mpaka upokee," akaongeza kwa sauti iliyokauka. "Alisema mara ya kwanza hutapokea, nisikate tamaa." Nikacheka na machozi yakanitoka papo hapo, nikakaa juu ya kiti nilichowekea mchicha, yaani kwenye mchicha wenyewe.

Nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi, lakini kuna mwaka mmoja tulioishi naye chumba kimoja, na mwaka huo haujanitoka hata leo. Ulikuwa mwaka wa dhiki. Maduka ya Tanga yalikuwa wazi milango na matupu ndani. Sabuni ilikuwa hadithi, nguo tulifua kwa majani ya mpapai, na ugali tuliokula ulikuwa wa ule unga wa njano wa msaada tuliouita yanga, wenye harufu ya gunia hata ukiupika vipi. Mimi Rahel, msichana wa milimani, nilishuka kutoka Usambaa na sanduku la bati na wito, kama tulivyosema. Kanisa letu lilikuwa limepanga nyumba ya zamani Chumbageni ili kuwafundisha vijana uanafunzi kwa mwaka mmoja, kisha kuwawekea mikono na kuwatuma. Tulijifunza asubuhi, na jioni tulitoka wawili wawili kwenda Mabawa na kwenye kambi za mkonge kuwatafuta waliopoa, watu wa bara waliobatizwa kwao, Walutheri na Wakatoliki, ambao kazi ya kukata mkonge ilikuwa imewasahaulisha hata njia ya kanisani. Mwenzangu wa kutembea naye alikuwa Tabitha, Mbondei, mkubwa kwangu kidogo, mwembamba, mwenye kicheko cha kwenye pua. Alitaka jambo moja tu duniani, na hakulificha: kutumwa Horohoro, mpakani, ambako hapakuwa na mwinjilisti. "Watu wapita pale usiku na mchana," alikuwa akisema, "na hakuna wa kuwafungulia mlango."

Nyumba yenyewe sikuipenda tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ya ghorofa moja, ya mfanyabiashara aliyehama na familia yake, akaacha chumba kimoja cha juu kimefungwa na vitu vyake ndani. Sisi wasichana tulilala chumba kilichopakana na hicho. Ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao, na ukiegemea uliweza kusikia vyombo vya udongo vikigongana taratibu humo ndani kila lori lilipopita barabarani. Siku nyingine lori halikupita, na vyombo viligongana. Chini kulikuwa na duka la Mama Sakina, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Tanga kama bibi yake, ambaye kwenye rafu zake mwaka ule kulikuwa na dawa ya viatu, viberiti, na picha ya Makka. Huyu mama alitupenda bila kutusikiliza. Tulipotaka kumweleza habari njema alitusukumia sahani ya bajia akasema, "Kuleni kwanza wanangu, Mungu hakimbii." Na ndiye aliyenifungua macho kuhusu jambo lililonitatiza wiki zangu zote za mwanzo, yaani kwamba nikipiga hodi Tanga, hasa mchana, hakuna anayeitika.

Kwetu milimani ukiita mtu anaitika. Tanga nilisimama mlangoni, nikaita hodi kwa sauti ya kanisani, nikalitaja na jina la mwenye nyumba ili ajue namfahamu, na ndani kukawa kimya, ijapokuwa mwiko uliokuwa ukigonga sufuria ulikuwa umesimama ghafla. Nikahesabu kuwa ni mioyo migumu. Nikaenda nikaandika hivyo kwenye maombi yangu. Mama Sakina aliposikia akacheka mpaka akashika meza. "Waita mara moja kisha wenda zako? Na jina la mtu wataja, saa ya jua kali? Basi wewe ndiye wanayemwogopa!" Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Mtu ataita mara ya pili, na ya tatu, kwa sababu ana haja. Kile kisicho mtu huita mara moja. Kinakuita kwa jina lako, kwa sauti unayoijua, wakati wa mchana watu wamejilaza, na ukiitika umekubali. "Hata mimi hapa dukani," akasema, "mteja akiita mara moja, hapati kiberiti."

Mwalimu Zefania, kiongozi wetu, alipojua kwamba Tabitha naye haitiki mpaka aitwe mara ya tatu, alikasirika. Alikuwa mtu wa Upare, mrefu, safi hata mwaka ule usio na sabuni, na alipofundisha aligonga meza kwa kidole cha shahada. Siku moja mezani, tukiwa tunakula bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, alimwita Tabitha aliyekuwa uani. Kimya. Akamwita tena. Kimya. Mara ya tatu ndipo sauti ikaja, "Abee, Mwalimu!" Alipoingia na mtungi wa maji, Mwalimu alikuwa ameweka tonge chini.

"Tabitha, wale wavuvi walipoitwa ziwani, waliitwa mara ngapi?"

"Mara moja, Mwalimu."

"Wakangoja ya tatu?"

"Hawakungoja." Akatua mtungi, akapangusa mikono kwenye kanga. "Lakini yule mtoto aliyelala hekaluni je, Mwalimu? Yeye aliitwa tena na tena, na Mungu hakuchoka. Miye naona Mungu ana subira ya kuita. Asiyekuwa na subira ndiye wa kumwogopa."

Tulitazama sahani zetu. Nakumbuka nzi mmoja aliyekuwa akitembea kwenye ukingo wa bakuli la kisamvu, na hakuna aliyemfukuza. Mwalimu akagonga meza kwa kidole. Akasema kuanzia siku ile, ndani ya nyumba ile, kila mwanafunzi ataitika mara ya kwanza. Anayengoja ya tatu anamheshimu shetani, na mwenye kumheshimu shetani hatawekewa mikono wala hatatumwa popote. Tabitha akainamisha kichwa. Horohoro yake ilikuwa inamponyoka kwa sababu ya neno moja dogo, abee.

Nikamwona akijifunza, na ilikuwa kazi. Niliagizwa nimsaidie, basi nilikuwa namwita kutoka ngazini, kutoka chooni, kutoka dukani kwa Mama Sakina, na kila mara niliona mwili wake unavyokaza kabla mdomo haujafunguka. Tulilifanya mchezo. Nikimwita huku nimejificha nyuma ya pipa la maji, anaitika kwa sauti ya kondoo, tunacheka. Baada ya majuma kadhaa akawa anaitika bila kufikiri, na Mwalimu akaanza kumtaja kwenye maombi kama mfano wa utii. Mama Sakina peke yake hakufurahi. Alimsikia siku moja akiitika upesi upesi, akatikisa kichwa na kuendelea kupanga viberiti vyake.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto lile la kabla ya mvua, mchana, Mwalimu na wenzetu wakiwa wamekwenda kambini. Chumbageni nzima ilikuwa imelala. Hata kunguru walikuwa kimya. Mimi na Tabitha tulikuwa chumbani sakafuni tunapasua vipande vya sukari guru kwa kisu, tugawane cha kutilia chai, na nakumbuka nilikuwa nalamba kidole. Sauti ikaja kutoka uani, chini ya dirisha, ya mwanamke mzima asiye na haraka.

"Chausiku!"

Mara moja. Nikajua inatuita sisi, kwa maana iliingia chumbani kabisa, lakini ndani ya nyumba ile hapakuwa na Chausiku. Nikamgeukia Tabitha nimuulize ni nani huyo, nikakuta uso wake umefunguka kama wa mtoto aliyeamshwa. "Abee!" akaitika. Kisha akaziba mdomo kwa mkono. Nyuma ya ukuta wa mbao vyombo viligongana, mara hii kwa muda mrefu, halafu vikatulia. Tukashuka ngazi tumeshikana. Uani palikuwa na pipa, kamba ya nguo na nguo zetu zikining'inia bila kutikisika. Mlango wa uani ulikuwa na komeo kwa ndani. Mama Sakina alikuwa amelala kwenye benchi la duka, na nilisikia pumzi yake.

"Rahel, umesikia?" akaniuliza Tabitha.

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Chausiku. Nani Chausiku?"

Akakaa chini pale pale kwenye saruji ya moto. Chausiku lilikuwa jina lake la nyumbani, akaniambia, jina la kuzaliwa usiku, na mtu mmoja tu alilitumia, mama yake, aliyekufa yeye akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Baada ya hapo alilelewa misheni kwa jina la Tabitha. Hakuwa na hofu, na hilo ndilo lililonitia hofu mimi. Sikujua la kumpa mtu aliyekaa hivyo, basi nikampa langu. Nikamwambia kwamba nyumbani naitwa Sikudhani, kwa kuwa mama yangu alinipata alipokwisha kukata tamaa ya mtoto, na kwamba hakuna mtu yeyote pwani anayelijua. Akalirudia taratibu, "Sikudhani," kana kwamba analiweka mahali.

Tangu siku ile milango ilifunguka. Sijui kulisema kwa namna nyingine. Tulikuwa tukifika Mabawa, kwenye vyumba vya watu waliotukwepa kwa miezi, tukakuta mkeka umetandikwa na maji ya kunywa yamewekwa. Hodi ilikuwa hata haijatoka midomoni mwetu. Kambini, mke wa mkata mkonge mmoja, ambaye alikuwa hajasali tangu ashuke kutoka kwao, alitupokea akilia. "Nimewangoja tangu asubuhi," akasema. "Mwenzenu kapita, kaniambia mwaja."

"Mwenzetu nani?" nikauliza.

"Yule mama. Kasimama hapo mlangoni, kaita mara moja, nikatoka. Peku, kanga moja kiunoni, moja begani. Kasema mwanawe yuaja, nimsikilize."

Mwenzetu hakuwepo. Kati yetu mwanamke aliyekuwa mama hakuwepo hata mmoja. Tabitha alimshika yule mwanamke mikono, wakaomba, na yule mwanamke akarudi kanisani na mumewe na majirani zake, na mpaka leo nasikia wajukuu zake ni waimbaji. Nilipokuwa nikifumba macho katika maombi hayo nilihisi mtu wa nne amekaa kwenye kona ya mkeka, na nikafumbua, na kona ilikuwa tupu, ila mkeka ulikuwa umebonyea kidogo. Labda ulikuwa mkeka mkuukuu. Mimi ni mtu wa kupenda sababu, na ile ndiyo niliyoichukua.

Habari hizi zilimfikia Mwalimu, zisingeweza kuacha kumfikia. Alituita sote chumba cha mafunzo, akamsimamisha Tabitha mbele, akanisimamisha na mimi kama shahidi. Nikasema nilichosikia, bila kupunguza wala kuongeza. Nilikiona kidole cha Mwalimu kikitafuta meza.

"Mama yako alikufa amebatizwa?" akamuuliza Tabitha.

"Hakubatizwa, Mwalimu."

"Basi aliyekuita si mama yako, na si Bwana. Ni pepo wa nyumba hii, amejivika sauti. Ulipaswa kupima kwanza. Ulipaswa kungoja!"

Hakuna aliyecheka, ingawa nadhani kila mmoja alisikia alichokisema. Tabitha alimtazama kwa upole uliokuwa mgumu kuuvumilia. Mwalimu akaweka mambo mawili mbele yake. Akiri mbele ya wote kwamba alimwitikia pepo, akemewe, atakaswe, na Jumapili ya kutumwa atawekewa mikono kwenda Horohoro na kanisa litamsaidia. Asipokiri, afungashe.

"Mwalimu," akasema, "ulinifundisha kuitika mara ya kwanza. Niliitwa, nikaitika. Walewale wasiotufungulia sasa watufungulia, na wanaokoka kwa jina lilelile unalolihubiri wewe. Nikisema ni pepo, nitakuwa nimesema uongo ili nitumwe. Nitakwenda kuhubiri nini na uongo wangu?"

Akaondoka asubuhi iliyofuata bila kuwekewa mikono na mtu. Lori la kwanza la wafanyabiashara walioruhusiwa kuleta bidhaa kutoka ng'ambo ya mpaka lilikuwa limeshusha mzigo dukani kwa Mama Sakina, na mji mzima ulikuwa umesimama pale kunusa sabuni. Lori likirudi Horohoro tupu, Tabitha akapanda. Mama Sakina alimtilia mche wa sabuni kwenye kikapu, wa kwanza kutoka kwenye katoni. Mimi nilibaki nimesimama kwenye vumbi, nikiwa na uchungu na, niseme ukweli, nikiwa na nafuu, kwa sababu nyumba ile sasa ingekuwa kimya. Na ilikuwa kimya. Vyombo vya nyuma ya ukuta havikugongana tena hata malori yalipozidi kupita. Kilichobadilika kilikuwa kingine. Mchana mmoja nilimwita Mwalimu Zefania kutoka ngazini, chakula kiko tayari. Nilijua yumo chumbani, nilikiona kivuli chake chini ya mlango. Hakuitika. Nikaita tena. Kivuli kikasogea, kikasimama. Nilipoita mara ya tatu ndipo aliposema, kwa sauti ndogo, "Naam." Tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyemsikia akiitika kabla ya ya tatu. Na mimi pia nangoja ya tatu, mpaka uzee huu na simu zake.

Siku ya mazishi nilifika Horohoro watu wakiwa wanatoka makaburini. Nyumba ya Tabitha ni ya kwanza baada ya minazi, milango miwili, mmoja unatazama Tanga na mwingine unatazama Mombasa, na wenyeji wanaiita Nyumba ya Hodi Moja. Nilielezwa na kila niliyekaa naye, Waislamu kwa Wakristo, madereva, wauza vitenge, mama aliyejifungulia kwenye kibaraza kile: ukiita pale mara moja, Tabitha awe amelala, awe mgonjwa, awe anakula, unasikia abee na mlango umefunguka. Kanisa dogo la bati lililo nyuma ya nyumba limetokana na watu waliofunguliwa hivyo. Hakuwekewa mikono hata siku moja. Mwalimu Zefania alikuwepo, mzee sana, na fimbo, ameletwa na mwanawe. Tukaamkiana, shikamoo, marahaba, tukaketi sebuleni kwenye viti vya kamba, vikombe vya chai ya tangawizi mkononi. Ulikuwa mchana. Wanawake waliokuwa wakiosha masufuria uani walikuwa wamejilaza kivulini, na ghafla nikatambua ule ukimya.

"Sikudhani!"

Mara moja, kwa sauti niliyoijua, kutoka upande wa mlango wa Tanga. Kikombe cha Mwalimu kikasimama hewani. Aliunyoosha mkono wake mkavu akanishika kifundo cha mkono, na midomo yake ikatamka bila sauti, ngoja. Nilikuwa nangoja. Nimengoja maisha yangu yote.

"Abee!" Sauti ilikuwa ya mtoto. Binti mdogo wa shule ya msingi akaingia mbio kutoka uani, mikono ina povu la sabuni, akatazama huku na huku, akamwendea Neema aliyetokea mlango wa jikoni akipangusa macho ya usingizi. "Mama, waniita?"

"Sijakwita mie," Neema akasema. "Rudi ukaoshe." Kisha akaniona ninavyomtazama mtoto, akanieleza kwa aibu kidogo kwamba marehemu ndiye aliyempa mjukuu jina la Sikudhani, jina la rafiki yake, alisema, mtu mwema ila mzito wa kuitika.

Mtoto hakurudi. Alikuwa ameugeukia mlango wa Tanga, halafu akanigeukia mimi, kwa sababu watoto wanajua mara moja nani wa kuulizwa.

"Bibi, umesikia?"

Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa. Nikautoa mkono wangu mkononi mwake, taratibu, nisimuumize mzee wa watu.

"Nimesikia," nikamwambia.

Akaninyooshea mkono wake wenye povu, nikaushika, nikasimama. "Abee," nikaitika, na tukaenda mlangoni pamoja.